Darubini ya Doria Imetengenezwa Wapi?

Benchi la kijiwe cha kahawa ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la Fundi Miwani, pale barabara ya lami inapokutana na ile ya vumbi. Mwenye benchi ni Fundi, mwenye jiko ni Fundi, mwenye birika ni Fundi. Hata vile vikombe sita visivyofanana ni vyake. Alianza kuchemsha kahawa mwaka aliofiwa na mkewe, kwa sababu saa za alasiri ndani ya lile duka, kati ya fremu zilizoning'inia na jiwe la kusagia lenzi, zilikuwa hazisogei. Akagundua kwamba watu hawaji kumwona mgane. Watu huja kunywa kitu, na wakishakunywa hubaki. Basi harufu ikipanda tu, walijitokeza mmoja mmoja: Redio, fundi cherehani wa mlango wa pili, anayesikiliza redio kutwa na kuamini yote anayosikia, Wakili, aliyekuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini akastaafu na msamiati wa mahakimu, Bi Mizani, mnunuzi wa vyuma chakavu, mama wa maneno machache asiyetembea bila mizani yake ya ndoana, na Doria, askari wa wanyamapori mstaafu, mtu mrefu, mkimya, mwenye kikohozi. Alhamisi hiyo Doria alikuwa hajaonekana tangu Jumapili, na pale anapokaa, mwisho wa benchi, palikuwa na darubini yake imelazwa juu ya kitambaa.

Ilikuwa darubini ya kufunga juu ya bunduki: bomba jeusi la shibiri moja na nusu, lenzi mbele, lenzi nyuma, na vifundo viwili katikati vya kurekebishia shabaha. Fundi aliitoa nje mwenyewe. Alikuwa na jambo zito kuhusu kitu hicho, akataka watu wa kumsaidia kulibeba, na watu aliokuwa nao ndio hawa.

— Mimi nasema hivi, alianza Redio, kipande cha uzi kikiwa bado kimening'inia mdomoni. Darubini za bunduki hutengenezwa chini ya ardhi. Migodini kabisa! Kioo kikiona jua kabla hakijakatwa, basi tena, kimeharibika.

— Umeyatoa wapi hayo? aliuliza Bi Mizani.

— Nimesikia.

— Kwenye redio?

— Kwani kuna kwingine kwa kusikia?

— Pingamizi, alisema Wakili, akaweka kikombe chini taratibu kama mtu anayeweka kielelezo mezani. Darubini hutengenezwa nchi za theluji. Sababu iko wazi. Kule karibu hakuna cha kutazama, ni weupe mtupu, kwa hiyo watu wake wamezoea kutazama mbali. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo hurejea ngamani.

— Sasa hiyo inahusu nini theluji?

— Methali haihojiwi, mama. Inatajwa tu.

Fundi aliwamiminia kahawa ya pili.

— Zinatengenezwa kwingi, alisema. Ujerumani, Japani, Marekani, Uchina, Ufilipino. Na siku hizi mambo yamechanganyika. Kampuni ni ya nchi hii, kioo kimekatwa nchi ile, na aliyeunganisha yuko nchi ya tatu. Hilo peke yake si kosa.

— Kama mashati yangu, alidakia Redio. Kitambaa cha watu, uzi wa watu, mkono wangu, halafu nembo ya Italia.

Benchi zima likamgeukia.

— Hiyo nembo ya Italia, alisema Bi Mizani, wewe unaipata wapi?

— Tuendelee na darubini.

Wakacheka, naye Fundi akacheka nao, lakini jicho lake halikuondoka mwisho wa benchi. Kicheko cha Doria kilikuwa na tabia ya kuchelewa. Wenzake wakishamaliza kucheka na kuanza habari nyingine, ndipo kilipotoka, kifupi, kikiishia kwenye kikohozi. Siku nne sasa vichekesho vya benchi vilikuwa vinakatika ghafla, kama ngazi iliyopungua kidato.

Jumapili ile jioni Doria alikuwa amebaki wenzake walipoondoka. Alisubiri Fundi akusanye vikombe, kisha akasema:

— Fundi, nina jambo la faragha.

Akatoa darubini ndani ya koti. Fundi alikuwa amesikia habari zake mara nyingi ila hakuwahi kuiona. Ilikuwa zawadi ya kustaafu. Miaka thelathini na mmoja porini, na siku ya mwisho wenzake walipangwa mstari, mkuu akamkabidhi kisanduku, akampa mkono, watu wakapiga makofi. Bunduki ilikuwa ya serikali, akairudisha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo darubini ile haikuwahi kukaa juu ya bunduki yoyote.

— Unaitumiaje basi? Fundi alimuuliza.

— Natazamia kilima cha ng'ambo. Kuna mtu analima kule. Simjui, hanijui. Lakini najua lini amepanda, na mwaka jana najua aliuguliwa na ng'ombe. Alikuwa na wawili, akabaki na mmoja.

Akaigeuza darubini mikononi.

— Sasa juzi hapa Redio alifungulia kipindi cha bidhaa bandia. Tangu siku hiyo sina raha. Wewe ni mtu wa vioo. Niangalizie. Nataka kujua kama walinipa kitu, au walinipa sura ya kitu.

Fundi akakata kikaratasi cha duka, chenye mhuri wa miwani, akaandika kama anavyowaandikia wateja wote: Doria, darubini, Jumatano. Doria akakikunja mara mbili, akakitia mfukoni, akaenda zake. Na Jumatano ikapita bila yeye kuja.

— Hebu niipime, alisema Bi Mizani pale benchini. Kitu cha kweli hakiogopi mizani.

Akaifunga darubini kwa kile kitambaa, akaitundika kwenye ndoana, akafumba jicho moja.

— Nusu kilo kasoro kidogo. Hii ni ya kweli. Bandia huwa nyepesi kama ahadi.

— Uzito si ushahidi wa kutosha, alisema Wakili. Ngojeni niwaambie siri. Ya kweli na ya bandia zinatoka kiwanda kimoja! Mchana wafanyakazi wanatengeneza za kweli, wakiingia zamu ya usiku, watu wale wale, mashine zile zile, wanatengeneza bandia. Tofauti ni usingizi tu. Ndiyo maana ukitazama kwenye bandia unaona ukungu. Ule si ukungu, ni usingizi wa mfanyakazi.

— Na mimi nina kipimo kikali kuliko vyote, alisema Redio. Unamtazama mtu unayemjua. Akionekana mzuri kuliko alivyo, hiyo ni bandia.

Akanyakua darubini, akamwelekezea Wakili aliyekaa hatua mbili kutoka kwake.

— Naona sikio tu. Rudi nyuma. Rudi tena! Haya, simama hapo kwenye nguzo.

— Unaona nini?

— Naona mtu mwerevu.

— Basi ni bandia, alisema Bi Mizani.

Hata waliokuwa wakipita walicheka. Wakili alirudi akijipangusa suruali, akisema atafungua shauri la kuchafuliwa jina, na kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na rafiki mbaya hujikalisha benchini. Redio alikuwa bado na darubini jichoni, akigeuza kifundo cha juu huku na huku.

— Mbona hii haina sauti? aliuliza. Si huwa zinalia tik, tik?

— Iweke chini, alisema Fundi.

Sauti yake ilikuwa na kitu ndani, na Redio akaiweka.

— Ni bandia kweli, alisema Fundi.

Akaichukua, akaiinamisha kwenye mwanga.

— Nimekaa nayo siku tatu. Kifundo hicho kilitakiwa kiwe na mikato, kila mkato usikike na uhisike kidoleni. Hiki kinateleza kama kijiko kwenye uji. Lenzi nzuri ukiiinamisha kwenye mwanga inatoa rangi hafifu, kijani au zambarau, kama tone la mafuta juu ya maji. Hii ni nyekundu ya kupakwa, nyekundu ya kutafuta wateja. Mistari ya shabaha ndani imekaa upande. Nikaifunga kwenye mfuko mkavu, nikaiweka kwenye friji saa moja, nikaitoa. Ya kweli imezibwa, ndani ina hewa kavu isiyo na unyevu, haiwezi kutoa jasho. Hii ilitoa matone ndani kwa ndani.

— Na namba? aliuliza Wakili, safari hii bila madaha. Kila kitu cha kweli kina namba.

Namba ilikuwepo, tarakimu nane chini ya jina la kampuni, kwa rangi nyeupe. Jumatatu, katika kuisafisha, Fundi alichovya pamba kwenye spiriti akapitisha pale. Alikusudia kutoa vumbi. Alipotazama pamba, namba ilikuwa kwenye pamba.

— Namba imetoka, alisema. Zipo za kweli zilizopigwa namba kwa rangi, lakini rangi yake haitoki kwa pamba. Nilikaa pale na ile pamba mkononi, jamani, kama mtu aliyemfuta mwenzake uso.

Redio alikuwa anatazama miguu yake.

— Usimwambie, alisema. Kwa nini umwambie? Mzee hana kingine. Mwambie ni ya Ujerumani, safi kabisa, aende akatazame kilima chake.

— Mteja ana haki ya kujua, alisema Wakili. Lakini mimi nisingemwambia. Na wala sitaki niulizwe kwa nini.

Bi Mizani alikuwa anakunja mnyororo wa mizani yake.

— Mtu akiniletea chuma nikamwambia ni shaba, nimemfurahisha leo tu. Kesho ataipeleka kwa mwingine, na huko atachekwa. Heri aumie hapa, kwa watu wake.

Fundi aliyatafakari hayo maneno, kwa watu wake, na kabla hajayamaliza akamwona msichana amesimama mbele ya benchi. Alivaa viatu vyeupe vya kazi na kitambulisho cha hospitali shingoni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetembea sana juani.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, binti. Karibu kahawa.

— Asante, niko kazini. Natafuta duka la miwani. Ni muuguzi mimi.

Akanyoosha mkono. Kiganjani palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara mbili, na Fundi akautambua mwandiko wake kabla hajakipokea.

— Huyu aliyeandikwa hapa, mnamfahamu?

— Doria! walijibu wote kwa pamoja.

Yule binti akashusha pumzi, mabega yakashuka nayo.

— Alhamdulillahi. Nimezunguka maduka manne. Mzee huyu alianguka Jumatatu asubuhi kwenye bomba la maji, wasamaria wakamleta. Ni homa ya mapafu. Siku mbili hakujitambua, jana akafungua macho, lakini hasemi na sisi, anageukia ukutani. Hakuwa na simu wala kitambulisho, ila hiki kikaratasi. Tunataka kuwaita ndugu zake. Jina lake kamili ni nani?

Lilikuwa swali jepesi. Mtoto wa chekechea anaulizwa hilo siku ya kwanza.

— Doria, alisema Redio.

— Ndiyo, lakini hilo ni jina la kazi, baba. Jina lake. Alilopewa na wazazi wake.

Redio akamtazama Wakili. Wakili akafungua mdomo.

— Kwa mujibu wa kumbukumbu za benchi hili, alianza, kisha akaishia hapo.

— Anakaa wapi? aliuliza muuguzi.

— Hupitia pale kwenye mashine ya kusaga, alisema Bi Mizani, akionyesha kwa kidole. Anakata kona.

— Halafu?

— Halafu hatumwoni tena.

— Ana mke? Watoto?

Fundi alijipekua kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni. Miaka tisa. Alijua kwamba Doria hunywa kahawa na vijiko vitatu vya sukari na hukoroga kwa mkono wa kushoto. Alijua habari ya tembo jike aliyesimama siku mbili juu ya mtoto wake aliyekufa, na Doria akasimama naye kwa mbali, siku mbili hizo hizo. Alijua namba ya miwani yake, kushoto na kulia. Kijijini kwao? Dini yake? Hakuna aliyewahi kumuuliza, na kila mmoja alikuwa amedhani mwenzake anajua.

Redio aliinuka, akaingia dukani kwake, akazima redio. Ukimya ulioingia pale kijiweni ulikuwa mpya kabisa; ilisikika hadi mashine ya kusaga inavyomeza mahindi.

— Hajui kusoma huyo binti? alinong'ona Redio aliporudi, ingawa kikaratasi hakikuwa na jina jingine la kusoma.

Fundi alikwishavaa koti. Akaifunga darubini kwa kitambaa, akaitia kwapani.

— Bi Mizani, niangalizie duka.

— Utamwambia?

— Sijui.

— Nenda, ndugu yangu. Utajua ukifika.

Wodi ya wanaume ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya sabuni ya maji. Vitanda vingine vyote vilikuwa na watu wa kuwaangalia wagonjwa: mke aliyemshikia mumewe kikombe, mabinti wawili wanaogombana kimyakimya juu ya mto, mjomba anayesoma gazeti kwa sauti. Kitanda cha tisa, karibu na dirisha, hakikuwa na mtu pembeni, na kwenye kadi iliyotundikwa miguuni pameandikwa kwa kalamu nyekundu: Mwanamume, hajulikani.

Fundi alivuta kiti. Doria alikuwa amegeukia ukutani, na mgongo wake ndani ya shuka ulionekana mdogo. Lile koti lake lilikuwa limeficha mengi.

— Doria. Ni mimi, Fundi.

Mgongo ukageuka polepole.

— Umenipataje?

— Kwa kikaratasi. Kwa nini husemi na watu? Wanahangaika wakuitie ndugu zako.

— Hakuna wa kuitwa, alisema Doria. Sauti ilikuwa mbovu, nusu pumzi. Nilikuwa na dada. Wakiniuliza wamwite nani, nitasema nani? Nikaona heri ukuta.

Muuguzi alikuwa amesimama miguuni na kalamu mkononi, akijifanya anasoma kadi.

— Basi niandikeni mimi, alisema Fundi. Ndugu. Lakini nataka jina lako. Nimeulizwa mbele ya watu nikakosa la kujibu. Nimeaibika, mwenzangu. Sijaaibika hivyo tangu nizaliwe.

Doria akalitaja. Lilikuwa refu, jina lake, la baba yake na la babu yake, na alilitoa kwa vituo kama mtu anayeshusha mizigo kutoka begani. Muuguzi akaandika, akakata kwa kalamu yale maneno mekundu, akaondoka kwa hatua za haraka, akijifuta macho kwa nyuma ya mkono.

— Umeiangalia? aliuliza Doria.

Fundi aliweka kile kifurushi juu ya shuka. Njiani alikuwa ametunga uongo mzuri, wenye Ujerumani ndani yake. Sasa haukutoka.

— Ni bandia, ndugu yangu. Kila kitu chake. Na namba niliifuta mwenyewe, kwa bahati mbaya. Nisamehe.

Doria alikigusa kifurushi bila kukifungua. Macho yake yalikwenda dirishani, ambako hapakuwa na kilima, palikuwa na kamba ya kuanikia mashuka. Akalia kidogo, bila sauti, kama wazee wanavyolia, machozi yakienda masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Fundi hakumwambia anyamaze. Alitoa mfukoni kitambaa chake cha kufutia miwani, akampangusa, upande huu na upande ule.

— Yule mkuu, alisema Doria baadaye, alinipa mkono huku anamtazama mtu mwingine. Niliona. Mimi kazi yangu ilikuwa kuona. Nilikataa tu kukubali.

— Pole.

— Wenzangu walipiga makofi lakini. Yale hayakuwa bandia.

— Hayakuwa.

Kengele ya kumaliza muda wa wageni ikalia. Yule mke akainuka, mabinti wakabusu paji la uso, gazeti likakunjwa. Fundi hakuinuka. Muuguzi alipita, akamwona, akapitiliza.

— Na wewe? aliuliza Doria.

— Mimi nini?

— Jina lako. Miaka tisa nakunywa kahawa ya mtu nisiyemjua jina.

Fundi alifungua mdomo, na kwanza halikuja. Wateja humwita fundi, benchi humwita Fundi, binti yake aliyeolewa mbali akipiga simu humwita baba. Wa mwisho kulitamka alikuwa mkewe, na lilikuwa neno lake la mwisho. Alilisema sasa, kwa sauti ndogo, akasikia lilivyo geni ndani ya chumba kile.

Doria alilirudia, akakosea mwishoni.

— Hapana, alisema Fundi, akasogeza kiti karibu zaidi. Siyo hivyo.

Akalitaja tena, polepole, na Doria akamfuata mpaka akalipata.